Usiing'oe Bogenvilia, Ipogoe

 

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja anayeishi Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Yeye na mumewe walihamia huko kutoka bara, na walipopata nyumba walipanda mche mmoja wa bogenvilia kwenye kona ya ukuta ili kupapendezesha mahali. Sasa ni miaka mitatu. Mmea umefunika paa la baraza, umeziba mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi, na umevuka ukuta ukaingia kwa jirani. Juu ya yote hayo hautoi maua, isipokuwa machache mno huko juu kabisa ambako hayaonekani. Mumewe amekwisha kusema kwamba masika hayataingia kabla hajaung'oa. Mama anauliza: je, iko dawa ya kuufanya utoe maua, au akubali ung'olewe?

Jibu letu ni fupi. Dawa ipo, nayo ni mkasi. Lakini mkasi una wakati wake na namna yake, na hayo ndiyo tutakayoyaeleza.

UA LILILOTOKA MBALI

Watu wengi wa pwani wanadhani bogenvilia ni ua la kwetu, kwa jinsi lilivyozoea joto, jua na upepo wa bahari. Kwa kweli asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 msafara wa meli za Ufaransa uliokuwa ukiizunguka dunia ulitia nanga Rio de Janeiro, Brazili. Kiongozi wa msafara alikuwa Louis-Antoine de Bougainville, na ndiye aliyepewa heshima ya ua hili kuitwa kwa jina lake. Mtaalamu wa mimea katika msafara huo alikuwa Philibert Commerson.

Akina mama mtapenda kujua kwamba msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Sheria za jeshi la majini la Ufaransa zilikataza wanawake melini, kwa hiyo alivaa nguo za kiume. Commerson alikuwa na mguu mbovu, na mara nyingi Baret ndiye aliyepanda milima na kubeba mizigo ya mimea. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ua lilichukua jina la mkuu wa msafara, na Baret alisubiri hadi mwaka 2012 ndipo wataalamu walipoupa jina lake mmea mmoja wa Amerika ya Kusini, wa jamii moja na nyanya na mnavu. Kazi ya mwanamke huchelewa kutajwa, lakini haipotei.

Waarabu wa nchi za Shamu wanaliita ua hili "majnuna", yaani mwanamke mwenye wazimu, kwa jinsi linavyokimbilia kila upande. Mama wa Fumba bila shaka ataona kwamba jina hilo limefaa.

MWIBA NA UA HUTOKA MAHALI PAMOJA

Kabla hujashika mkasi, utazame mmea wako vizuri. Zile rangi tunazozipenda, zambarau, nyekundu, machungwa au nyeupe, si maua hasa. Ni majani yaliyogeuka rangi, matatumatatu, laini kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kijineli chembamba cheupe kilicho katikati.

Sasa tazama mahali jani linapoungana na tawi. Mahali hapo tutapaita kifundo. Juu kidogo ya jani kuna jicho, na karibu na jicho hilo ndipo mwiba unapotokea. Ajabu ya mmea huu ni kwamba mwiba na kishada cha maua hutokana na kitu kimoja. Mmea ukiwa na maji tele, mbolea tele na kivuli, kitu hicho hugeuka kuwa mwiba, na tawi huendelea kurefuka. Mmea ukipata jua kali na kiu kidogo, kitu hicho hicho hugeuka kuwa maua.

Ndiyo sababu bogenvilia inayodekezwa kwa maji ya kila siku na samadi nyingi hujaa majani na miiba, huku ile iliyosahauliwa kando ya barabara ikiwaka rangi.

Jambo la pili la kushika ni hili: maua hutoka kwenye matawi machanga. Tawi la zamani lililokuwa gumu kama mti halitoi maua lenyewe, ila hubeba machipukizi yatoayo maua. Mmea usiokatwa hupeleka machipukizi yake mbali zaidi kila mwaka. Ndiyo maana maua ya mama yetu yako juu ya paa, wanakoyaona kunguru peke yao.

WAKATI WA KUKATA

Kwa Unguja tunashauri kukata mara mbili kwa mwaka, kwa kufuata mvua.

Ukataji mkubwa ufanyike mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kaskazi inapokaribia kwisha na masika hayajaanza. Mmea ukikatwa wakati huo, mvua huukuta uko tayari kuchipua. Machipukizi hukua wakati wa masika, na mvua zinapokatika mwezi wa Juni, ukavu wa kipupwe huyafanya yatoe maua.

Ukataji mdogo ufanyike Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Hapo unapunguza ncha tu na kuondoa vishada vilivyokauka. Ukitaka rangi wakati wa Krismasi, usikate tena baada ya mwisho wa Oktoba, kwa sababu chipukizi huhitaji kama wiki sita hadi nane kabla ya kutoa maua, na mvua ikizidi huchelewa zaidi. Wale wanaopamba kanisa wakumbuke kwamba bogenvilia iliyokatwa na kutiwa katika chombo cha maji hunyauka upesi. Ni afadhali kuwa na mmea katika chungu na kuupeleka wenyewe.

Usikate katikati ya mvua kubwa, kwa maana kidonda kibichi kikilowa kila siku huweza kuoza. Na usiwe na tabia ya kuunyoa mmea kila wiki kama ukoka. Anayenyoa kila wiki huondoa ncha zilizokuwa zikijiandaa kutoa maua, kisha hushangaa kwa nini uzio wake ni wa kijani mwaka mzima.

VIFAA NA TAHADHARI

Utahitaji mkasi wa bustani kwa matawi membamba na msumeno mdogo kwa matawi manene. Panga halifai. Panga hupasua tawi na kuacha kidonda kilichochanika, nacho hakifungi vizuri. Noa mkasi na uufute kwa spiriti kabla ya kuanza.

Vaa glavu nene, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika miguu, na miwani kama ipo. Miiba ya bogenvilia huingia ndani, na utomvu wake huwawasha watu wengine. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni mara moja. Mwiba ukivunjikia ndani ya kiungo cha kidole, au mahali pakivimba, nenda kituo cha afya, na uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini baba na vijana wa nyumbani mara nyingi hawakumbuki walichanjwa lini.

Tuseme na hili. Msichana wa kazi asipandishwe ngazi bila viatu wala glavu, eti kwa sababu yeye ni mwepesi. Jicho lake lina thamani sawa na jicho la mwanao. Kama matawi yamegusa waya wa umeme, mtu yeyote wa nyumbani asiyaguse, bali waitwe mafundi wa ZECO.

JINSI YA KUKATA

Kwanza, simama mbali na uutazame mmea wote. Amua unataka uwe na umbo gani na uishie wapi. Kwa nyumba ya Fumba, tunashauri uishie chini ya paa, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye bati au makuti. Mmea ukilalia makuti huyafanya yakae na unyevu na kuoza, tena hukaribisha panya. Majani yakiziba mfereji wa bati, maji hutuama na mbu huzaliana humo.

Pili, ondoa matawi yaliyokufa, yaliyovunjika na yanayosuguana. Ukikwaruza gome kwa ukucha na kukuta rangi ya kahawia kavu, tawi hilo limekufa. Ukikuta kijani, liko hai.

Tatu, ondoa machipukizi manene yanayopanda wima kwa haraka kutoka chini ya shina. Hayo hula nguvu nyingi na kutoa miiba mirefu. Kama unahitaji moja kuziba pengo, libakize, ulifunge kwenye waya likielekea upande. Tawi lililolazwa hutoa machipukizi mengi ya maua kuliko tawi lililosimama.

Nne, chagua matawi makuu matatu hadi matano yawe mifupa ya mmea. Yafuate matawi hayo, na kila tawi dogo linalotoka ubavuni likate ubakize vifundo viwili au vitatu. Kata juu kidogo ya jicho, kwa mshazari, ili maji yasitulie penye kidonda. Chagua jicho linalotazama nje, kwa kuwa chipukizi litaelekea upande linakotazama.

Tano, usiogope wingi wa unachoondoa. Mmea wenye afya huweza kupunguzwa theluthi moja bila taabu. Uliozeeka na kushindikana huweza kukatwa hadi kimo cha kiuno, nao huchipua tena. Lakini kama majani yake ni ya njano na mmea ni dhaifu, gawanya kazi mara mbili: nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao.

Baada ya kazi hii mmea utaonekana kama fito tupu, na jirani atauliza kama umeuua. Mwambie asubiri wiki tatu.

Na kwa baba wa nyumba anayefikiria kuuhamishia mahali pengine: mizizi ya bogenvilia haipendi kusumbuliwa, na mmea mkubwa ukihamishwa mara nyingi hufa. Ni afadhali kuupogoa hapo ulipo na kupanda vipandikizi vyake mahali papya.

BAADA YA KUKATA

Ardhi ya Fumba ni ya maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo mchache juu yake. Mawe haya yana chokaa, na chokaa huizuia mizizi kupata madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa mahali kama hapo, weka mboji au samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, karai moja kwa mmea mmoja mkubwa, mara baada ya ukataji wa Machi. Tandaza mbali kidogo na shina. Majivu, ambayo bara tumezoea kuyatia kila mahali, yasitiwe hapa, kwa kuwa yanaongeza ile hali ya chokaa. Mbolea ya chumvichumvi inayokuza majani, kama yurea, iache kabisa.

Mwagilia kwa wingi mara moja, kisha ngoja mpaka udongo ukauke. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunaleta majani. Vijichipukizi vikifikia urefu wa shubiri moja, vikate ncha kwa vidole. Kila kimoja kitatoa viwili, na maua yataongezeka maradufu. Hakikisha pia mmea unapata jua kwa saa zisizopungua 6 kwa siku. Kama uko chini ya mwembe, mkasi hautasaidia sana.

MATAWI YALIYOKATWA

Usiyatupe njiani. Fumba akina mama na watoto huteremka pwani maji yanapotoka, kwenda kutafuta chaza na kombe, na wengi wao wako peku. Kusanya matawi yote, uyafunge mafungu kwa kamba. Yakikauka yanafaa kuzungushia kitalu cha mchicha ili mbuzi wasiingie.

Yale yenye unene wa penseli yageuze kuwa miche. Kata vipande vya sentimeta 15 hadi 20, ondoa majani, panda nusu yake katika mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini na uloweshe kidogo. Baada ya kama miezi miwili, vile vilivyoshika vitakuwa na mizizi. Si vyote vitakavyoshika, kwa hiyo panda vingi. Mmea mmoja uliokatwa vizuri unaweza kukupa miche ya kuuza wewe au kikundi chenu cha akina mama, na mche wa kwanza kabisa umpelekee yule jirani uliyemvamia.

Hili la jirani si dogo. Matawi yaliyovuka ukuta ni mali yako, lakini miiba inawachoma watoto wake. Usimtume mtoto kwenda kumwambia utakuja kukata. Nenda mwenyewe, piga hodi, uombe radhi, na mpatane siku. Visiwani ujirani una heshima kubwa, na sisi tuliotoka bara tunapaswa kujifunza. Jirani yako Mwislamu hataisoma Biblia yako, ila ukuta wako anauona kila siku.

MKULIMA NA KISU CHAKE

Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, Bwana Yesu anajifananisha na mzabibu, na Baba yake na mkulima. Wengi tunaisoma sura hiyo upesi. Tukiisoma kwa jicho la mtu aliyeshika mkasi, tunaona jambo moja: tawi linalosafishwa ni lile lililokwisha kuzaa, nalo husafishwa ili lizae zaidi. Mama anayepunguziwa kitu alichokipenda, kazi, cheo katika kikundi, au mipango yake ya miaka mingi, asikimbilie kudhani kwamba Mungu amemkasirikia. Huenda nguvu zake zilikuwa zinakwenda kwenye paa, mahali ambapo maua hayaonekani.

Lakini tunataka kuonya pia. Tumesikia akina mama wakiambiwa wavumilie kipigo nyumbani kwa kuwa eti Mungu anawapogoa. Hapana. Mpogoaji hukata kwa kipimo, mahali palipochaguliwa, kwa ajili ya uhai wa tawi. Anayepiga ovyo kwa hasira huyo ana panga mkononi, na jeraha lake halizai kitu. Katika sura hiyo mkulima ni Baba peke yake, na hakuna mume aliyepewa kazi hiyo juu ya mkewe. Mama aliye katika hali hiyo asinyamaze. Amwambie mchungaji au mama mzee anayemwamini, aende dawati la jinsia la polisi, na kwa walio Unguja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Kwa baba wa Fumba tuna ombi moja. Kabla hujachukua sururu, upe mmea msimu mmoja. Ushike ngazi mama akate, au akushikie ngazi wewe ukate. Kama kufikia mwisho wa kipupwe hakuna hata kishada kimoja cha rangi, na jua linaufikia, basi tutakuwa upande wako.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia mchaichai na mimea mingine ya kupanda karibu na jiko. Mbaki na amani.